Kishindo cha Mlima wa Saruji

Hapa magharibi mwa Uganda, ukitoka Kikorongo kuelekea Bwera, kabla hujafika Kinyamaseke, utauona kando ya barabara mlima ambao Mungu hakuuumba. Ni wa saruji na waya, umepakwa rangi nyeusi na nyekundu, na siku za Jumapili kilele chake hufuka moshi. Wageni huupiga picha. Ukiwauliza wahudumu wa Bustani ya Mwezi kwa nini mlima wa moto usitoe hata kishindo kidogo, watakuambia mtambo uliharibika. Waongo. Mtambo ni mzima kabisa, na aliyeunyamazisha ni mpishi mmoja mwoga kama kunguru, jina lake Kahambu.

Hilo la mwoga analisema mwenyewe. Alizaliwa pembeni mwa mji wa Beni, kule Kongo, akaolewa Butembo, ndoa ikavunjika, akarudi kwa mama yake, na ni kutoka huko kwa mama yake alikokimbia vita. Sasa amepanga chumba Bwera, karibu na daraja la mpakani, ingawa kazini ni mbali na vyumba vya Kinyamaseke havivuji. Hataki kuhama. Kila anayevuka kutoka Kongo hupita pale, na huenda siku moja mmoja wao akawa na habari za mama. Watu wakimuuliza, husema Bwera kuna sombe nzuri.

Na sombe, yaani kisamvu, anaijua. Zamani, kabla ya mlima, pale bustanini palikuwa na sehemu ya kulia iliyoitwa Kijiji cha Mlimani: vibanda vya nyasi, mafiga matatu, kinu kikubwa. Watoto wakishuka kwenye bembea na kwenye treni ndogo inayozunguka bwawa, walikimbilia kwa Kahambu kugombea mchi, wayatwange majani ya muhogo pamoja naye. Kulikuwa na mke wa mwanajeshi mmoja, Lakot, Mwacholi kutoka kaskazini, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka getini. Huyo alikuwa akija na watoto wake kila Jumapili, anavua viatu na kutwanga kuliko wote. Kahambu alipenda kazi ile kwa sababu moja ambayo hakuiandika kwenye barua ya maombi: pale aliweza kukaa tangu asubuhi mpaka jioni bila kuogopa kitu.

Kisha mwenye bustani akasafiri ng'ambo. Alirudi na simu iliyojaa picha, na Kijiji cha Mlimani kikaanza kumtia aibu. Akamleta msanifu kutoka Kampala, kijana mmoja anayeitwa Sam, mwenye viatu vyeupe ambavyo vumbi la Kasese lilivishughulikia ipasavyo. Vibanda vikabomolewa. Pakajengwa ukumbi wenye nguzo zilizofinyangwa zifanane na mawe yaliyoungua, na kila meza ikawekewa sigiri ndogo ya udongo yenye moto wa makaa, ili chungu cha sombe kichemke mbele ya macho ya mgeni. Katikati ya ukumbi ukasimamishwa huo mlima. Tumboni mwake waliweka bomba na mtungi wa gesi, jamaa ya ile mizinga ya kutishia tembo wasile mahindi ya watu, na kazi yake ilikuwa kulipuka mara moja kabla chakula hakijatoka.

"Mtu akishtuka, anacheka," Sam aliwafundisha wafanyakazi, akitembea mbele yao. "Akicheka, njaa inakuja. Kwa hiyo hatumwambii mtu saa. Ukisema saa, umeua mchezo."

Labda Kampala wako hivyo. Hapa Kasese, ambako waasi wamewahi kufika, mtu akishtuka hutazama kwanza mlango uko wapi.

Siku ya kuujaribu mtambo, hakuna aliyekumbuka kupita jikoni kuonya. Kahambu alikuwa akikoroga maharage kwenye sigiri. Hatua moja kutoka kwake, Naome alikuwa akikaanga samaki aina ya ngege kwenye karai la mafuta. Naome ni binti wa askari polisi, amekulia katika kambi za nchi nzima, na husema kwa amri hata anapoomba chumvi. Mimba yake ilikuwa kubwa, karibu na kujifungua, hata ilimbidi anyooshe mikono kuwafikia samaki wake.

Mlima ukalipuka.

Kahambu hakumbuki alichofanya. Anakumbuka alikojikuta: amechuchumaa nyuma ya magunia ya makaa, kiganja kimeziba mdomo wake mwenyewe, jagi la maji liko tupu miguuni, sigiri inatoa mvuke na majivu, na maharage yameharibika. Kisha akasikia ukelele wa Naome. Matone machache yalikuwa yameruka hadi kwenye karai, mafuta yakatapika, na mkono wa Naome ukababuka juu ya kifundo.

"Wewe! Mafuta iko moto, unatupa maji? Unataka kuua mimi na mutoto?"

"Mayi ilimwangika tu, Naome. Mukono iliteleza. Unisamehe."

Naome akapaka asali, akanung'unika, akasahau. Lakini mkono haukuteleza, na Kahambu alilijua hilo. Siku hiyo hakula kitu.

Kule alikotoka, risasi zikianza kulia, mikono ya mwanamke hujua kazi yake kabla ya akili. Kwanza ni moto: unaumwagia maji upesi, kwa kuwa moshi huwaonyesha wenye mapanga nyumba iliyo na watu. Kisha unaziba midomo ya watoto. Kisha mnalala chini. Hapo mnakaa kimya, na hainuki mtu mpaka sauti mnayoijua ije kusema neno moja: "Beshapita." Wameshapita. Kwenye mtaa wao, sauti hiyo ilikuwa ya mama yake. Mama alikuwa mfupi, mwenye maneno mengi, asiyejua kutulia, na daima ndiye wa kwanza kutoka kuchungulia. Asubuhi ile ya mwisho alitoka vilevile. Kahambu akabaki kifudifudi, akingoja kuambiwa. Jua lilipanda, kuku wakaanza kuparua uani, mayowe yakasikika mbali, na sauti haikuja. Mwishowe aliinuka bila kuambiwa. Alikuta mlango wa uani uko wazi. Hakumwona mama, wala maiti yake, wala mtu aliyemwona.

Basi tangu siku ile hakuna aliyemwambia Kahambu kwamba wamepita.

Sasa alianza kuiogopa mikono yake. Mara hii jagi lilikwenda kwenye maharage. Mara nyingine je? Siku ya ufunguzi karai lingejaa mafuta mpaka ukingoni, ndoo za maji zingekuwa zimejipanga chini, na Naome na tumbo lake wangekuwa hapohapo. Kila mpishi anajua maji mengi yakiingia kwenye mafuta yanayochemka, moto hupanda mpaka darini. Usingizi ulimpaa. Aliiona mikono ikifanya kazi hiyo, tena na tena, na yeye amesimama pembeni anaitazama.

Alijaribu kuifundisha. Chumbani kwake Bwera aliangusha kifuniko cha sufuria nyuma ya mgongo wake ili aizoee kelele, jambo la kipuuzi, maana hakuna mtu aliyewahi kujishtua mwenyewe. Alikwenda kanisani akaomba. Alijaribu kukoroga kwa mkono mmoja, mwingine ameufunga kwenye aproni, mpaka Naome akamuuliza kama ana jipu.

Mwisho akapiga moyo konde, akaenda kwa msimamizi wao, Byamukama. Huyu ni bwana mnene, mcheshi, asiye na roho mbaya. Ana tabia moja tu ya ajabu, ambayo Kahambu aliiona bila kuitilia maanani: kila Sam alipousogelea mtambo, Byamukama alikumbuka kazi ya dharura kule getini.

"Bwana Byamukama, niko na neno."

"Sema, mama Kahambu, lakini upesi. Bosi amenikalia shingoni. Yule kijana wa vinywaji aliyekimbia siku ya kujaribu, unamkumbuka? Bosi amesema aende nyumbani, hataki watu wa kukimbia-kimbia mbele ya wageni. Na mwingine akikimbia, ni vilevile." Akafuta jasho. "Sasa, neno gani?"

Kahambu akalibadilisha neno lake papo hapo.

"Chumvi," alisema. "Chumvi iko karibu kuisha."

"Chumvi! Ziwa la chumvi la Katwe liko hapo, tukose chumvi? Utaletewa."

Akaletewa chumvi mpaka akakosa pa kuiweka.

Jumapili ya ufunguzi ikafika, watu wakamiminika baada ya ibada. Lori la jeshi lilileta familia kutoka kambini, Lakot akiwa mbele na kichanga mgongoni. Wafanyabiashara wa Kikongo walikuja kutoka Bwera na Mpondwe, wake zao wamevaa vitenge vya kushona, watoto wamepakwa mafuta wakang'aa. Sigiri zikawashwa mezani. Sam akashika kipaza sauti na kuwakaribisha watu kwenye Mlima wa Moto, na kuhusu kishindo hakusema neno.

Jikoni, Kahambu alikuwa akibeba maji kuyatoa nje. Alitoa ndoo ya kwanza, ya pili, akatoa jerikeni, akalitoa lile jagi na kulificha nyuma ya kuni. Naome alimtazama akiingia na kutoka, mwishowe akaweka upawa chini.

"Simama hapo! Maji unapeleka wapi? Nitaosha samaki na nini?"

Kahambu akasimama mlangoni. Hapo ndipo hofu moja ilipoishinda nyingine: kufukuzwa kazi kulikuwa kubaya, lakini kumchoma mwanamke mwenye mimba kulikuwa kubaya zaidi.

"Naome, siku ile mukono haikuteleza," alisema. "Nilimwanga mayi mie mwenyewe. Sikujua. Kwetu wakipiga masasi tunazima moto, mukono inafanya peke yake. Leo ile kitu itapiga tena, na mayi ikiwa hapa nitaimwanga, na weye uko hapo karibu na mafuta. Minaogopa, Naome. Minaogopa sana."

Akamweleza yote, kwa haraka, huku akichungulia dirisha la kutolea chakula: moto, midomo ya watoto, sakafu, na lile neno la mama lililokosekana. Naome alisikiliza huku akikishika kile kidonda kilichoanza kupona. Kahambu alingoja kutukanwa, au kuona anatoka kwenda kumwita Byamukama.

"Ungesema siku ileile," Naome alisema mwishowe. "Mimi nilifikiri wewe ni mujinga tu." Akainama kwa shida, akashika upande mmoja wa beseni la kuoshea samaki. "Shika huko. Hii pia ni maji. Toa!"

Wakalitoa pamoja. Kahambu alimsihi azime jiko la mafuta mpaka kishindo kipite, lakini hakuna aliyejua kitapiga saa ngapi, na wahudumu walikuwa tayari dirishani wakidai samaki. Karai likabaki motoni. Wakatazama kila pembe: hapakuwa na tone la maji. Kahambu akashusha pumzi.

Wapishi wawili wazima, na hakuna aliyeutazama mchuzi. Ulikuwa kwenye sufuria kubwa pembeni, mchuzi wa vichwa vya samaki, umejaa. Mpishi akiona mchuzi haoni maji, huona mchuzi.

Mlima ukalipuka.

Safari hii Kahambu aliiona mikono yake. Aliiona ikitafuta jagi pale lilipozoea kukaa, ikapapasa, ikakosa, ikatafuta ndoo, ikakosa, na kisha ikashika masikio ya sufuria ya mchuzi na kuinyanyua. Alijua inaelekea wapi. Alitaka kupiga kelele, lakini sauti haikutoka, kwa sababu kukaa kimya pia kulikuwa sehemu ya mafunzo ya kule kwao. Sufuria ikapanda, mchuzi ukacheza ukingoni, karai la mafuta likiwa mbele yake.

Naome akaudaka upande wa pili. Sufuria ilikuwa ya moto na yeye hakuwa na kitambaa, lakini hakuachia.

"Kahambu! Weka chini!" alifoka kwa sauti ya kambini. Kisha, taratibu, akaongeza, "Ni saruji, dada. Ni saruji na gesi. Weka chini."

Wakaishusha pamoja mpaka sakafuni. Tone moja liliangukia kwenye jiko likachemka na kukauka, basi. Naome aliipulizia mikono yake, machozi yakimtoka. Kahambu alibaki ameinama juu ya sufuria.

Ndipo wote wawili wakausikia ukimya.

Ukumbi uliojaa watu unatakiwa uwe na kelele. Sam aliahidi kicheko. Hata kama si kicheko, ungetegemea mayowe, viti kuanguka, mtu kumtukana mwenye mlima. Hapakuwa na chochote. Kahambu alisogea dirishani, akachungulia.

Viti vyote vilikuwa vitupu. Kwenye kila meza sigiri ilikuwa imezimwa, kwa soda, kwa maji ya matunda, kwa chai ya maziwa, hata kwa sombe yenyewe, na mvuke ulikuwa ukipanda kutoka meza hadi meza mpaka kwenye paa. Watu walikuwa chini. Wanawake wa Kikongo walikuwa wamelalia vitenge vyao vya Jumapili, kila mmoja mkono wake uko kwenye mdomo wa mtoto. Wenyeji wa Kasese walikuwa wamejikunyata chini ya meza za jirani. Lakot, yule wa kicheko, ambaye kwao kaskazini nako palipita vita, alikuwa amejipinda juu ya kichanga chake, uso umegeuka wa majivu. Nyuma ya nguzo moja mwanamume mmoja aliyevaa kiraia alikuwa amepiga goti, mkono wake uko kiunoni chini ya koti, na mkono ule ulikuwa umeshika kitu. Chini ya kaunta ya vinywaji Kahambu aliuona mgongo mpana wa Byamukama, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwahi kufika getini.

Watoto walikuwa wengi mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyelia.

Aliyesimama alikuwa Sam peke yake. Tabasamu lilikuwa bado usoni mwake, limesahauliwa pale. Alileta kipaza sauti mdomoni.

"Karibuni mezani!" alisema. "Chakula tayari!"

Hakuna aliyetikisika, isipokuwa yule mwanamume wa nyuma ya nguzo. Aligeuza kichwa polepole kuelekea ile sauti, na mkono wake ukatoka kidogo chini ya koti. Kahambu aliona jambo ambalo Sam hakuliona. Sauti ile hawakuijua. Mtu asiyejulikana akikuita utoke, hutoki. Wangelala pale mpaka jioni, au mpaka mmoja wao ashindwe kuvumilia, na aliyeshika kitu kiunoni angekuwa wa kwanza.

Walikuwa wakingoja kuambiwa.

Kahambu aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu avuke daraja la mpakani. Wa kusema lile neno lazima kwanza atoke yeye, asimame mahali peupe, aonekane na kila mtu. Mama alifanya hivyo mara zote, na mara ya mwisho hakurudi. Miguu ilikataa. Aliisukuma. Alifungua mlango wa jikoni akatoka, aproni ina madoa ya mchuzi, viganja ameviinua juu vionekane ni vitupu, akapita katikati ya meza zenye mvuke mpaka chini ya mlima, mbele ya yule mwenye koti.

"Beshapita," alisema, na sauti ilitoka ndogo kama ya mgonjwa.

Akajikaza.

"Bamama, beshapita! Haiko batu. Iko mulima tu. Muamuke, beshapita!"

Mama mmoja wa Bwera akainua kichwa, akamtazama, akaiona sombe kwenye kucha zake. Akaondoa mkono kwenye mdomo wa mtoto wake. Wa pili akainuka, akakung'uta kitenge. Yule mwanamume akautoa mkono chini ya koti, mtupu, akautazama kana kwamba si wake, kisha akaketi sakafuni palepale. Kutoka chini ya kaunta Byamukama alipiga kelele kwa sauti iliyopasuka, "Sam, zima huo mtambo! Zima, usiwashwe tena, nitamwambia bosi mimi mwenyewe!"

Hapo mtoto wa kwanza akalia. Akafuata wa pili, kisha wote kwa pamoja, kilio kikajaa ukumbi mzima, na mama zao wakawaacha walie.

Watu walianza kushikana, kuitana majina, kuokota viatu. Lakot alipita akimkumbatia kila aliyemkuta. Kahambu peke yake hakusogea. Alikuwa amewaambia wote, lakini yeye alibaki amesimama chini ya mlima na viganja vyake bado viko juu. Hakujua avishushe lini.

Naome alitoka jikoni, tumbo mbele, mikono yake iliyoungua ameifunga kwa kitambaa kibichi. Alikuja mpaka pale, akamkabili, na kwa mara ya kwanza hakutoa amri. Neno lenyewe alilitamka vibaya, kwa lafudhi ya kambini.

"Na wewe, Kahambu," alisema. "Besha-pita."

Kahambu akashusha mikono. Akaketi sakafuni, kwenye soda na majivu na sombe iliyomwagika, akalia kwa sauti kubwa pamoja na watoto.